Makonyo usiyatupe: mafuta ya karafuu kwa sufuria na barafu

Huku kwetu Pemba msimu ukiingia kila nyumba usiku watu wamekaa chini wanachambua, unashika kichala unakisukuma na kiganja, karafuu zinaruka na konyo linabaki mkononi, ukimaliza pishi mbili tatu viganja vishakua vyeusi vinanata na ukijisahau ukagusa mdomo basi umekufa ganzi. Ile ganzi inaletwa na eujenoli, kemikali iliyomo ndani ya karafuu. Ndio hio hio inayofanya mafuta ya karafuu yawe na thamani, na iko kwenye konyo kama ilivyo kwenye karafuu yenyewe. Tofauti ni kiasi tu, karafuu kavu mafuta yake ni asilimia 15 na kuendelea, konyo kavu ni kama 5 au 6, na hata majani makavu yanayoanguka chini ya mkarafuu yanayo, kama 2 hivi.

La sheria tulimalize kwanza. Karafuu zinakwenda ZSTC, lile shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na makonyo pia wananunua, ndio yanayopikwa pale Kiwanda cha Makonyo Wawi, kwaiyo ukiwa na magunia yapeleke huko upate chako. Mie nazungumzia yale ya kufagia uani, yaliyokatikakatika, yaliyochanganyika na majani, yale ambayo mwisho wake huwa ni moto. Usije ukaanza kununua makonyo ya watu halafu ukasema umefundishwa na mie.

Haya. Unahitaji sufuria kubwa ya stili yenye mfuniko wa mbonyeo, yaani ukiugeuza juu chini unakua kama bakuli na kishikio kinaangalia ndani. Kishikio kiwe cha chuma cha stili, kikiwa plastiki kifungue uzibe tundu kwa bulungutu la unga. Sufuria ya chuma kile kinachoshika kutu usiisogeze kabisa, eujenoli ikikutana na chuma mafuta yanageuka meusi. Halafu bakuli la stili au la kioo kinachostahamili moto, jiwe safi la kulikalisha juu yake, unga wa ngano wa kuzibia, na barafu nyingi. Barafu ndio kitu watu wanachokipuuza, mtu anakuja na vipande vinne vya friji anashangaa hapati kitu. Tafuta zile za mifuko, kumi na zaidi.

Makonyo yawe makavu, nusu kilo inatosha kuanzia. Yatwange kwenye kinu, yasiwe unga, yavunjikevunjike tu, na utwange siku ile ile unayopika maana yakishapasuka mafuta yanaanza kuondoka yenyewe (ile harufu unayoisikia unavyotwanga ndio mali yako inayokwenda zake). Yatie kwenye sufuria na maji lita mbili hivi, yaache saa moja yalainike. Weka jiwe katikati, juu yake bakuli, na bakuli liwe juu ya maji sio linaelea. Tia na gololi moja chini. Itagongagonga muda wote maji yanapochemka na ukisikia imenyamaza ujue ama moto umefifia ama maji yanakwisha, inakuepusha kufunua funua.

Geuza mfuniko, kishikio kiangalie katikati ya bakuli, zungushia unga uliokandwa mgumu pembeni pote mvuke usipite, washa moto, na yakianza kuchemka punguza uwe mdogo halafu jaza barafu juu ya mfuniko. Kinachofanyika humo ndani ni hivi: eujenoli peke yake inachemka kwenye nyuzi 254, huwezi kuifikia bila kuiunguza, lakini ikiwa pamoja na mvuke wa maji inabebwa chini ya nyuzi 100, inapanda nao, ikigusa mfuniko wa baridi inageuka maji tena na kuteremka kwenye kishikio, tone tone, ndani ya bakuli. Barafu ikiyeyuka chota maji kwa kikombe utie nyengine. Saa tatu kwa uchache. Kiwandani wanapika muda mrefu zaidi ya huo lakini wao hawabadilishi barafu kwa mkono.

Na fanya uani. Mie mara ya kwanza nilifanya jikoni ndani, wali wa usiku ule watu walikula kama wanapiga mswaki.

Zima, acha ipoe vizuri ndio ufunue. Kwenye bakuli utakuta maji meupe meupe kama tui jepesi, hapo wengi wanavunjika moyo wanasema mafuta yako wapi. Yako humo humo, ni vitone vidogo vimetawanyika. Mimina kwenye glasi ndefu nyembamba au chupa ya kioo, funika, acha mpaka asubuhi. Na usiyatafute juu! Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, lita moja ya maji ni kilo moja na haya ni kama kilo moja na gramu 50, kwaiyo yanakaa chini kabisa, kipande cha manjano kinachong'aa.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilishazoea mafuta ya maganda ya machungwa, yale ukitia chumvi kwenye maji yanajitenga haraka yanapanda juu, nikasema na haya ntayafanyia hivyo hivyo. Nikatia vijiko vitatu vya chakula kwenye nusu lita, nikakoroga, nikalala. Asubuhi mafuta hayapo juu, hayapo chini, yamening'inia katikati ya glasi kama mawingu. Nikakaa nayaangalia yananiangalia. Kumbe chumvi imeyafanya maji yawe mazito sawa sawa na mafuta, basi hayajui yaende wapi. Likikutokea ongeza maji safi mpaka yazame, au uzidishe chumvi mpaka yapande. Bora usitie kabisa, usiku mmoja wa subira unatosha.

Kuyatoa nunua bomba la sindano duka la dawa, bila ya sindano yake, ulizamishe mpaka chini uvute taratibu. Toa mara moja tia kwenye kichupa cha kioo cheusi, usiyaache ndani ya bomba wala kwenye chupa ya plastiki, yanaila. Kwa nusu kilo mie napata kijiko kimoja cha chai na ushei, mara moja nilipata viwili lakini siku ile barafu ilikua nyingi. Yale maji yaliyobaki usimwage, yana mafuta yaliyoyeyuka ndani, yarudishe sufuriani upikie makonyo ya mara ya pili na utaona zamu ya pili inatoa zaidi. Makapi ukishayaanika yanawaka vizuri pamoja na makumbi.

Kuhusu kuyatumia, haya sio marashi ya kujipaka hivi hivi, yanaunguza ngozi. Matone kumi kwenye kikombe cha chai cha mafuta ya nazi, basi. Jino likiuma tone moja kwenye pamba, liguse jino sio ufizi, na hospitali uende maana ganzi sio dawa ya tundu. Kichupa kiandikwe na kiwekwe juu mbali na watoto, kijiko kimoja cha chai akikinywa mtoto mdogo kinaweza kumharibu ini, hilo silisemi kwa kutisha watu.

Maganda ya machungwa njia ni hio hio, tumia yale mabichi membamba wanayomenya wauzaji wakabakisha nyama nyeupe, ndimo mafuta yalimo, saa moja inatosha na mafuta yake utayakuta juu sio chini. Ila tumia sufuria nyengine. Ikishapika karafuu hata uisugue na jivu, chungwa lako litanuka karafuu.