Kaliba gani ya raifo inafaa kwa nguruwe pori huku Tabora

Wakuu, kila karanga zikikomaa huku Sikonge naulizwa swali lilelile, nitafute raifo ya kaliba gani kwa ajili ya nguruwe pori, na mimi jibu langu linaanzia kwenye makaratasi kabla ya bunduki, maana wengi wananunua kwanza halafu ndo wanakumbuka kuulizia sheria, hela imeshaenda.

Nguruwe pori hata akikumalizia heka nzima ya mihogo bado ni mnyamapori wa serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inataka kibali, kwahiyo anzia kwa mtendaji wa kijiji, akuelekeze kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Bunduki nayo ina sheria yake ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, leseni ni ya kwako na ya silaha hiyohiyo, hivyo kuazima raifo ya shemeji uende nayo porini ni kujitafutia kesi. Gobole la kuchongwa mtaani na SMG hata tusizijadili. Na jamani, Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, humo hakuna kuwinda kabisa.

Sasa kaliba. Kanuni za uwindaji kwetu zinaweka .240 kuwa mwisho wa chini kwa wanyama wa kawaida, na .375 kwa wale wakubwa wa hatari kama nyati na tembo. Namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi, kwahiyo .22 na .223 zimeshatoka hapo hapo, na hata kama sheria isingekuwepo mimi nisingekushauri, nguruwe dume ana kilo 50 mpaka mia na kitu, ngozi nene, bega gumu, utamtoboa tu akafie mbali na mateso. Ya .243 inapita, ila ni kwa mtu anayelenga vizuri sana na mwenye subira ya kusubiri mnyama akae ubavu.

Ujerumani, ambako nguruwe mwitu wanawindwa sana, sheria yao inataka risasi isipungue milimita 6.5 na ikifika mita 100 iwe bado na nguvu ya joule 2,000. Sio sheria yetu ila kama kipimo naikubali. Ukiifuata unabaki na .270, 7x57, .308, .30-06 na ile 9.3x62 (hizi zenye x namba ya kwanza ni upana kwa milimita, sio inchi), hizo zote zinamtosha nguruwe na chenji inabaki.

Mimi nikiambiwa nichague moja nachukua .308. Miombo yetu huoni mbali, mara nyingi unapiga mita 40 au 60, kwahiyo ile sifa ya risasi kwenda mbali bila kushuka haikusaidii kitu, unachotaka ni risasi nzito kidogo isiyopasuka ikigusa bega. Chukua risasi ya uzito wa greini 165 au 180 yenye ncha laini. Solidi, yaani risasi ngumu isiyotanuka, achana nazo kwa kazi hii, inapita mnyama na kuendelea na safari, na nyuma ya shamba kuna nyumba za watu!

Wapo wanaosema chukua .375 umalize maneno. Kama unayo tayari kwenye leseni sawa, inaua, lakini teke lake linamfanya mtu aogope bunduki yake, anafumba macho kabla hajavuta, na risasi zake ni ghali hivyo hafanyi mazoezi. Bora kaliba ya kati unayoimudu.

Na hapa ndo naumia. Mwaka fulani tulimpiga dume kwa shotigani ya marisau, yale madogo ya kanga, tukiwa na haraka ya kuokoa mihogo. Alikimbia na damu, tukafuata alama mpaka jua linazama hatukumpata, na kesho yake mama mmoja aliyeenda kuni alikutana naye kichakani akachanwa paja. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie chochote kinafaa alimradi kinalia.

Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko wa swala, fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama theluthi ya chini ya mwili. Yale manyoya ya mgongoni yanadanganya, unadhani umelenga katikati kumbe juu. Usipige akiwa juu ya kichuguu na mbingu nyuma yake, usipige ukiwa kwenye gari, na kummulika na kurunzi usiku ni kosa pia, labda kibali chako kiseme vingine.

Kabla ya kulipia bunduki pita duka la silaha uulize risasi za kaliba hiyo wanazo na zinauzwaje, halafu tenga angalau ishirini za kulengea shabaha kwanza.