Mzee ana presha, sukari na tezi dume: jinsi ya kumsaidia na rundo la dawa

Wazee wengi wa kiume hawaumwi kitu kimoja, unakuta presha ipo, sukari ipo, tezi dume nayo imeanza kusumbua, kila ugonjwa una daktari wake na huyu hajui yule kaandika nini. Mimi naona pa kuanzia ni hapo.

Mwombe mzee atoe dawa zote, na zote ni zote, za hospitali, za duka la dawa, mitishamba, mpaka vidonge anavyomeza goti likiuma. Andika kwenye karatasi moja jina la dawa, miligramu, saa anayomeza na nani kamwandikia, karatasi hiyo iende nae kila kliniki. Hizo za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ndo wazee hawazitaji kwa daktari, wanaona ni kitu kidogo, wakati zinapandisha presha na kuumiza figo. Baadhi ya dawa za mafua nazo zinaweza kumfungia mkojo mwenye tezi dume.

Halafu kuna dawa za nguvu za kiume. Najua kuuliza ni kazi, na wewe kama ni binti yake mtume kaka yako au rafiki yake wamuulize faragha, ila lazima ijulikane, maana mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya naitreti, vile vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, akichanganya na hizo presha inaporomoka ghafla na anaweza kufa.

Usiku ndo wanaanguka sana. Dawa za presha na zile za tezi dume zinaweza kumletea kizunguzungu akisimama, kwa hiyo akiamka kwenda kukojoa akae kwanza ukingoni mwa kitanda, taa iwe karibu na mkono. Kama kuna dawa ya kukojoza anameza jioni, muulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi.

Presha mpimeni akiwa ameshakaa kimya dakika 5, ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mwenye sukari akaguliwe nyayo kila siku, mpaka katikati ya vidole.

Usimwachishe dawa yoyote kienyeji, karatasi imfikie daktari au mfamasia. Ila mkojo ukigoma kabisa kutoka, msingoje kliniki, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.