Gemu za mdundo: anza na hizi za ajabu ajabu

Ukitaka kuzionja gemu za mdundo, yaani zile za kubonyeza vifungo kwa kufuata mapigo ya muziki, achana kwanza na zile za gitaa za plastiki ambazo kila mtu anazijua, tafuta zile za vituko, manake hizo ndo zenye ladha na nyingi hazitaki mashine ya bei.

Mie ningekwambia anza na Patapon, ya PSP, ile PlayStation ndogo ya kushika mkononi, ilitoka 2007 halafu ikarudi kwenye PlayStation 4 mwaka 2017. Humo huendeshi askari hata mmoja, unawapigia ngoma tu. Kifungo cha mraba ni pata, duara ni pon, X ni don, pembetatu ni chaka. Piga pata-pata-pata-pon jeshi linasonga mbele, pon-pon-pata-pon linashambulia, na ukimaliza mapigo yako manne unanyamaza manne wao wakuitikie kwa kuimba, sasa hapo kwenye kunyamaza ndo watu wanapoharibu, mtu ana pupa anagonga tena wenzake hawajamaliza, mdundo wote unakatika. Ushawahi kukaa karibu na kidumbak harusini? Ule mkwasa, vile vijiti vya kugonga, haukimbii wala haulegei, wengine wote wanatembea juu yake. Basi na kwenye gemu tafuta pigo la namna hiyo ulishike kwa mguu. Gonga mguu chini kweli, usione haya.

Hedifoni tumia za waya. Za Bluetooth sauti inachelewa kidogo, ukisikiliza taarab huwezi kujua, ila hapa utakilaumu kidole bure. Kama huna nyengine ingia kwenye setingi, gemu nyingi zina sehemu ya kurekebisha huo uchelewaji.

Kwenye simu ipo A Dance of Fire and Ice, kifungo kimoja basi, sayari mbili zinazungukana huku zinafuata njia, kila kona na pigo lake. Utaiona ya kitoto mpaka ikutoe jasho wallahi. Ikikushinda usikodoe macho, sikiliza.

Halafu ukibahatika kupata PlayStation ya kwanza itafute Vib-Ribbon ya 1999, sungura wa mistari mitupu anatembea juu ya mstari, na gemu ikishaingia yote kwenye memori unatoa CD yake unatia yako, vikwazo vinatengenezwa kutokana na wimbo wako mwenyewe. Tia taarab ya fidla nyingi uone sungura anavyohangaishwa.