SOMO: Kuwasha gari lililolala miaka bila kuua injini

Wakuu, naandika hili mara moja ili kuanzia leo nikiulizwa niwe naelekeza hapa tu. Swali ni lile lile: "Gari limepaki miaka sita, nimefunga betri mpya, nimepiga stata likalia kidogo halafu likagoma. Nifanyeje?" Ungeuliza kabla ya kufunga betri.

Somo linahusu gari la petroli lililokaa zaidi ya mwaka, ambalo siku linaegeshwa lilikuwa linatembea. Kama liliegeshwa kwa ubovu, ubovu huo bado upo. Gari halijitibu kwa kulala. Betri ikae nje mpaka nitakapoitaja.

1. Simamisha gari kwenye stendi za chuma za kushikilia gari, sakafu iwe ngumu na tambarare. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulala chini yake. Gonga kwanza sehemu ya kuwekea jeki. Ikibonyea kwa kutu, tafuta pengine.

2. Fungua eya klina, toa kiota cha panya, kagua waya zilizotafunwa. Chungulia na ekzosi.

3. Petroli ya zamani yote itoke. Usiiongezee mpya juu ukidhani itachanganyika. Sehemu nyepesi inayowaka kirahisi imeshapaa, iliyobaki inaganda kama gundi, na kama ina ethanoli imeshavuta unyevu. Utaijua kwa harufu kali ya vanishi. Filta mpya, mipira ya mafuta yote mipya. Kwa gari la injeksheni nunua mpira ulioandikwa SAE J30R9. Kipande kinachokaa ndani ya tangi lazima kiwe J30R10, maana R9 haikutengenezwa kuzama kwenye petroli. Tangi lenye tundu usilipeleke kwa mchomeleaji eti kwa sababu "limekauka". Mvuke ndio unaolipuka.

4. Kabureta: fungua bakuli, safisha, puliza jeti (vitundu vidogo vya kupitishia petroli) kwa hewa. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma, utapanua tundu. Sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli) ikikwama, petroli itafurika juu ya injini.

5. Zungusha injini kwa mkono. Hapa ndipo injini nyingi zinapofia, kwa hiyo soma taratibu.

Puliza uchafu unaozunguka plagi, weka alama kwenye waya, kisha toa plagi zote. Mimina oili nyepesi kijiko kimoja cha chai au viwili kwenye kila silinda, uache ilale humo usiku mzima, siku mbili ikiwezekana. Gia iwe huru. Weka soketi kwenye boliti ya puli ya kranki (shafti kuu ya injini), uzungushe kwa mpini wa kawaida kuelekea upande ambao injini huzungukia ikiwaka. Nyingi ukizitazama upande wa puli huzunguka kama mishale ya saa, ila Honda nyingi za zamani huenda kinyume, kwa hiyo hakikisha kwanza. Unataka mizunguko miwili kamili ya kranki: hapo kila pistoni imepita hatua zake nne na kila valvu imefunguka na kufunga.

Uzito wa pole pole ni wa kawaida. Ukigonga kitu kama ukuta, ACHA. Usiongeze bomba kwenye mpini. Huenda ringi imeshikana na silinda kwa kutu, au valvu imekwama wazi na pistoni imeifikia. Mkono unahisi tofauti hiyo, stata haihisi. Stata ina pinioni ndogo inayosukuma gurudumu kubwa la meno, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye kranki inatosha kukata ringi au kupinda valvu kabla hujaachia swichi.

Ikigoma, changanya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, mimina kwenye silinda, ngoja siku kadhaa huku ukiongeza. Asetoni inababua rangi na inawaka haraka, kaa mbali na moto. Kisha chezesha mpini mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukipata hata upana wa kidole, kazi inakwenda vizuri.

ONYO: usirudishe plagi kukiwa na kimiminika ndani. Kimiminika hakibanwi. Pistoni ikikutana nacho ikiwa juu, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ndiyo inapinda. Funika matundu kwa kitambaa, zungusha, kiruke nje.

ONYO la pili: kama injini inatumia mkanda wa taimingi wa mpira na hujui umebadilishwa lini, badilisha sasa. Kwenye injini ambazo pistoni na valvu hugongana, mkanda ukikatika umenunua silinda hedi.

6. Mwaga oili, filta mpya. Maji ya rejeta yatoke yote, weka kulanti.

7. Sasa betri. Ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama volti 12.6. Plagi bado ziko nje, koili imechomolewa. Kwa injeksheni toa fyuzi ya pampu ya mafuta. Piga stata sekunde kumi, pumzika dakika moja, rudia mpaka taa ya oili izime. Isipozima, usiwashe injini.

8. Rudisha plagi, washa ukiwa nje ya banda, kizima moto kiwe karibu. Moshi wa bluu dakika za mwanzo ni ile oili uliyomimina. Taa ya oili ikirudi, zima papo hapo.

9. Breki kabla gari halijasogea hata hatua moja: mafuta mapya, mipira mipya, fungua kila gurudumu uangalie silinda.

10. Tairi: soma tarehe, si meno.

MASWALI

Kijana wa Puli: Mkuu, gari langu haliwaki, shida itakuwa nini?

Mwandishi: Gari gani? Cheche ipo? Petroli inafika? Injini inazunguka? Umesoma hata mstari mmoja hapo juu?

Dereva Mstaafu: Fundi wangu anasema kuvuta gari kwa kamba likiwa gia ya pili ndiko kunaachisha injini iliyokamata. Hayo ya mpini ni kupoteza muda.

Mwandishi: Ukivuta, uzito wa gari zima unasukuma kranki na hakuna mtu anayehisi pale inapogoma. Ikiachia, sifa za fundi. Ikivunjika, atakwambia injini ilikuwa mbovu tangu zamani. Gari ni lako.

Bi Spana: Shikamoo mwalimu. Breki za gari langu zilikuwa zinashika kidogo. Tumetoa upepo, mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nipeli. Sasa pedali inazama taratibu mpaka chini, na sioni panapovuja. Kwa nini iharibike baada ya kuhudumiwa?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, na wengi wanalikosea. Kwa kawaida pedali hutembea nusu tu ya njia yake, kwa hiyo pistoni ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) inasugua sehemu ile ile. Sehemu ya mbele ambayo haifikiwi inakusanya kutu na uchafu. Ukikanyaga mpaka sakafuni, mpira wa pistoni unaingia kwenye kutu hiyo na midomo yake inachanika. Mafuta sasa yanapita pembeni ya mpira ndani kwa ndani, ndiyo maana huoni tone nje. Fungua masta uangalie. Ukuta ukiwa laini kabisa, vifaa vya mipira vinatosha. Ukiwa na vishimo, weka masta mpya. Safari ijayo weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta kama kitabu cha gari hakisemi vingine. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa makavu, yaani hayajavuta maji, huchemka kuanzia nyuzi 230, yakishavuta maji hushuka mpaka kama 155, ndiyo maana mafuta ya miaka hayafai hata yakionekana masafi. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na 3 au 4. Na mipira ya breki haioshwi kwa petroli.

Bi Spana: Asante sana. Na klachi? Nikikanyaga, gia haziingii injini ikiwaka.

Mwandishi: Sahani ya klachi imeshikana na flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) kwa kutu. Kandamiza pedali kwa ubao ulale hivyo siku moja au mbili. Ikikataa, subiri breki zikamilike, pasha injini moto, izime, nenda uwanja mtupu, weka gia ya tatu, kanyaga klachi, washa, na kanyaga breki gari likianza kwenda. Mara nyingi inaachia kwa mshtuko. Kama haiachii, giaboksi inashuka.

Mzee wa Rimu: Tairi zangu meno bado marefu, kwa nini nizitupe?

Mwandishi: Soma tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni. 3416 ni wiki ya 34 ya mwaka 2016. Ukikuta tarakimu tatu tu, hiyo ni ya kabla ya 2000. Raba inazeeka hata ikiwa imesimama. Ikunje uone nyufa.

Waya Mwekundu: Naongezea kwa wanaolalamika stata nzito wakati betri ni nzima. Weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa athi (unaotoka nguzo hasi kwenda kwenye chuma cha gari) ni mbovu au kiungio kina kutu.

Mwandishi: Sahihi. Kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, halafu paka grisi juu ya kiungio, si katikati ya chuma na chuma.