Hipnotherapi kwa video: namna ya kujiandaa kabla hujafumba macho

Anayekuja ofisini kwangu kwa hipnotherapi, yaani tiba ya hipnosi, hukuta kila kitu kimeshaandaliwa: kiti kinachoegemea nyuma, pazia limeshushwa, mlango umefungwa, simu imezimwa. Akiniona kwa video, kazi hiyo yote inahamia kwake. Mimi nabaki na sauti yangu na kile ambacho kamera yake inanionyesha. Ndiyo maana hapa nitazungumza sana kuhusu chumba, vifaa na makubaliano, na kidogo tu kuhusu ule "usingizi" ambao wengine wanautamani na wengine wanauogopa.

Tuumalize huo usingizi kwanza. Kwenye hipnosi hulali. Mawazo hukusanyika mahali pamoja, ya pembeni hufifia, na maneno unayoambiwa hukuingia kwa urahisi kuliko kawaida. Unasikia kila kitu. Unaweza kujikuna, kukohoa, kusema hapana, au kufumbua macho na kuzima kompyuta. James Braid, daktari wa upasuaji kutoka Scotland aliyeichunguza hali hii miaka ya 1840, alimtaka mtu akazie macho kitu kinachong'aa, akaonyesha kwamba kinachotokea kinatoka kwa anayekazia macho mwenyewe, wala hakuna nguvu ya ajabu inayotoka kwa tabibu. Ikiwa kati yangu na wewe hupita maneno tu, basi maneno hupita kwenye intaneti vilevile. Peter Whorwell na wenzake wa Manchester, ambao tangu 1984 wamechapisha kazi zao kuhusu hipnotherapi kwa tumbo linalouma, kujaa gesi na kuvuruga choo bila vipimo kuonyesha kidonda, walijaribu kuwatibu wagonjwa wao kwa Skype. Matokeo yaliyotoka 2019 yalihusu kundi dogo, lakini wengi wao walipata nafuu, ingawa ilikuwa pungufu kidogo ya ile ya wanaokuja ana kwa ana.

Hatua ya 1: Hakikisha tiba hii inakufaa

Wasiwasi, hofu ya kupanda ndege, usingizi unaokatika, maumivu ya muda mrefu, tumbo la aina niliyotaja: haya tunayafanyia kazi mara kwa mara. Kuacha sigara pia, japo ushahidi wake ni dhaifu kuliko matangazo yanavyodai.

Kama una maumivu mapya ambayo hayajapimwa, nenda kwa daktari kwanza. Hipnosi inaweza kupunguza maumivu huku kinachoyaleta kikiendelea kukua, na hilo halina faida kwako. Kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, umewahi kupoteza mguso na uhalisia, au una mawazo ya kujiua, usianze na mtu wa kwenye skrini. Tafuta huduma ya afya ya akili iliyo karibu nawe. Mwenye kifafa azungumze na daktari wake kabla. Na aliyepitia jambo zito la kutisha asifanye kikao cha video akiwa peke yake nyumbani. Mtu anayemwamini awe chumba cha pili, hata kama hajui kinachozungumzwa.

Hatua ya 2: Mchunguze mtaalamu kabla hajakuchunguza

Katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo, jina la kazi hii halilindwi na sheria. Yeyote anaweza kujiita hivyo baada ya kozi ya wikendi. Wateja wengi huniita "daktari", nami huwarekebisha palepale: mimi si daktari. Mtaalamu anayeliachia jina hilo lipite bila kulistahili, huyo mwangalie mara mbili.

Muulize amesomea nini kabla ya hipnosi, kwa sababu saikolojia, udaktari, uuguzi au ushauri nasaha ndio msingi unaomsaidia mambo yakiharibika. Muulize yuko chini ya chama gani, malalamiko hupelekwa wapi, na kama anaruhusiwa kumtibu mtu aliye katika nchi unayoishi; leseni nyingi za udaktari na saikolojia zina mipaka hata kama intaneti haina. Muulize pia hufanya nini mtandao ukikatika katikati ya kikao. Asiyekuwa na jibu la haraka hapo hajafanya kazi hii kwa video vya kutosha.

Akikuahidi kupona kwa kikao kimoja, achana naye. Akisema atakurudisha utotoni akutolee kumbukumbu zilizopotea, achana naye haraka zaidi. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitahadharisha tangu 1985 kwamba kumbukumbu zinazoibuliwa kwa hipnosi si za kutegemewa: mtu huongeza mambo ambayo hayakutokea, kisha huyaamini kwa uhakika kuliko mwanzo.

Hatua ya 3: Vifaa

Kompyuta ni bora kuliko simu, kwa sababu inakaa penyewe. Kama una simu tu, iegemeze mahali isipoteleza, usiishike mkononi. Mkono ukilegea simu huanguka, na hapo tumeanza upya. Iwe kwenye chaji. Iweke hali ya kutosumbuliwa, halafu uizuie isipokee simu za kawaida, maana programu nyingi za video husimama simu inapoingia.

Saa nzima ya video inaweza kumeza gigabaiti moja hivi, kutegemea ubora wa picha. Angalia bando lako kabla. Kaa karibu na ruta, na uwaombe wa nyumbani wasipakue filamu muda huo.

Tumia hedifoni za waya. Zile zisizo na waya ni nzuri hadi chaji iishe: uko chini kabisa, umetulia, halafu sauti ya mashine inapiga kelele sikioni kwamba betri iko chini. Nimeona watu wakiruka kwenye kiti.

Jambo moja ambalo karibu hakuna anayelijua: programu za video zina kichujio cha kuondoa kelele, na kichujio hicho huichukulia sauti ya chini, ya polepole, kama kelele ya feni. Kinaikata. Mteja anasikia nusu ya sentensi. Mtaalamu wako ndiye anayepaswa kukizima upande wake, kwa hiyo mkumbushe mkiwa mnajaribu sauti. Muombe aseme sentensi kadhaa kwa sauti ileile atakayoitumia baadaye, siyo ile ya salamu.

Hatua ya 4: Chumba

Chumba chenye mlango unaofungwa. Ukikosa, gari lililoegeshwa na kuzimwa injini linafaa. Ufunguo uweke kiti cha nyuma. Lililo kwenye mwendo halifai hata kama anayeendesha ni mwingine.

Kiti kiwe na mahali pa kuegemeza kichwa. Kitanda kinapendwa na wengi, ila mwili umezoea kulala pale, na aliyelala kweli hanisikii. Nenda msalani kabla. Chukua shuka au kanga ya kujifunika, kwa sababu mwili ukitulia hupoa. Mwanga utoke mbele yako au ubavuni. Ukikaa na dirisha mgongoni, nakuona kivuli tu.

Kamera ikae umbali wa kunionyesha kichwa, kifua na mikono yote miwili juu ya mapaja. Hili wateja hulipuuza, wananionyesha uso tu. Mimi nasoma pumzi kifuani na nasoma vidole. Bila hivyo, naongoza gizani.

Hatua ya 5: Makubaliano

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kikao cha kwanza.

Kila kikao, hata kama tumeonana mara nyingi, nitakuuliza uko wapi hasa. Siulizi kwa udadisi: ukipata shida, lazima nijue nimtume nani na wapi. Nitataka namba yako ya simu ambayo si ile unayoitumia kwa video, na namba ya mtu mmoja wa karibu ambaye amekubali kupigiwa.

Halafu tunakubaliana kuhusu kukatika. Wengi wanaogopa kwamba mtandao ukikata watabaki "huko". Hakuna anayebaki huko. Aliyeachwa bila sauti ya kumwongoza hufumbua macho mwenyewe baada ya muda, au husinzia kidogo na kuamka kama kawaida. Hata hivyo sipendi mtu akae kwenye kimya akijiuliza kulikoni, kwa hiyo maneno haya nayasema mapema kabisa, kabla hajaenda mbali:

"Sauti yangu ikipotea, utajua ni mtandao tu. Utapumua mara tatu, polepole. Kama bado hunisikii, utajihesabia moja hadi tano, na ukifika tano utafumbua macho, ukiwa mzima na macho kabisa."

Kisha tunajaribu. Namwambia afumbe macho tu, bila hipnosi yoyote, halafu nafunga maikrofoni. Kimya. Namwangalia anavyopumua mara tatu, midomo ikihesabu, macho yanafunguka, na kwa kawaida anacheka. Baada ya jaribio hilo ule woga huwa umeisha. Tunakubaliana pia kwamba mimi ndiye nitakayepiga simu. Tukipigiana wote wawili kwa pamoja kila mmoja atamkuta mwenzake anatumika.

La mwisho ni ishara. Kidole cha shahada cha kulia kikiinuka ni ndiyo, cha kushoto ni hapana, na kiganja kizima kikiinuka ni simama. Nazitumia zaidi kwenye video kuliko ofisini, kwa sababu sauti huchelewa na tukizungumza tunapandiana maneno. Sauti ikianza kukatakata, inua kiganja. Usijikaze kukisia neno lililomezwa, kwa sababu kukisia kunakurudisha juu.

Na kurekodi: asirekodi yeyote bila mwenzake kujua. Mimi humrekodia mteja sauti tu, ile sehemu ya kutulia, na sihifadhi picha yake.

Hatua ya 6: Kikao chenyewe

Ficha kidirisha kinachokuonyesha uso wako. Hakuna anayetulia huku akijitazama.

Nitakuomba uchague kitu kidogo ukutani, juu kidogo ya skrini, ukikazie macho. Kisiwe kwenye skrini, kwa maana mwanga wake unachosha vibaya. Mimi natazama kope. Zinaanza kupepesa haraka, kisha zinakuwa nzito, kisha hazirudi juu. Kumeza mate kunapungua. Pumzi inashuka kutoka kifuani kwenda tumboni, na taya linaachia. Ofisini ningesema "shuka" mabega yanaposhuka. Kwenye video, picha inayonifikia imechelewa kidogo, na neno langu nalo litachelewa kukufikia. Kwa hiyo nakuomba uhesabu pumzi zako kimoyomoyo, na mimi nafuata nyuma yako.

Mlango ukigongwa au mbwa akibweka, sitajifanya sijasikia. Nitakitaja na kukipitisha, kisha tuendelee.

Ukijiona huhisi chochote cha ajabu, uko sawa. Watu hutofautiana, vipimo vilivyotengenezwa chuo cha Stanford na kuchapishwa 1959 vilionyesha wachache wanaozama sana, wachache wasiozama kabisa, na wengi wetu katikati. Kujikagua kila dakika, "je, nimeshaingia?", ndiko kunakochelewesha. Dalili ya kawaida ni muda: unadhani ni dakika kumi, kumbe ni ishirini na tano.

Machozi yakija, yaache. Yakizidi, fumbua macho, kandamiza nyayo sakafuni, niambie vitu vitatu unavyoviona chumbani. Huna haja ya kusubiri ruhusa yangu.

Kurudi ni kwa kuhesabu, na mimi hufanya polepole: vidole vya mikono, miguu, sauti za chumba, macho. Usikate simu mara tu unapofumbua macho. Tuzungumze mambo ya kawaida kidogo, unywe maji, nione unajibu haraka.

Hatua ya 7: Baada ya kikao

Usiendeshe gari wala usishike kisu au jiko mpaka uwe umetembea kidogo na kichwa kimekuwa chepesi. Usiweke mkutano wa kazi dakika tano baada ya kikao. Kwenye video watu hufanya hivyo kwa sababu hakuna safari ya kurudi nyumbani.

Ile rekodi isikilize mara moja kwa siku, ukiwa umekaa, kamwe usiisikilize barabarani. Andika mistari miwili kila jioni kuhusu lile tatizo lililokuleta: tumbo liliuma saa ngapi, ulilala saa ngapi. Nitayataka maandishi hayo kuliko maelezo ya jinsi ulivyojisikia kwenye kikao, kwa sababu wapo wanaofurahia sana kila kikao huku tatizo lao likiwa palepale. Kwa tumbo, mipango inayotumika sana huwa na vikao 7 hadi 12. Kwa mengine, ukimaliza vitatu au vinne na daftari halionyeshi mabadiliko yoyote, lete daftari lenyewe kwenye kamera na muulize mtaalamu wako anabadilisha nini. Akisema tu "ongeza vikao", malipo yanayofuata yasubiri.