Kupanga kenchi za paa la pande nne lenye dari la kupanda

Wakuu, wengi wanachora paa kwanza, dari wanalikumbuka ukuta ukishafika lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Kwa paa la pande nne, ukitaka dari la kupanda (linaloinuka katikati badala ya kulala bapa), anza na dari, maana nafasi ya kulipandisha ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye picha.

Tuchukue nyumba ya mita 8 kwa 12, mteremko nyuzi 25.

1. Tafuta mgongo wa paa, yaani mstari wa juu kabisa pande zinapokutana. Pande zote zikiteremka sawa, urefu wake ni 12 toa 8, yaani mita 4 katikati. Kimo chake ni kama mita 1.87 juu ya ukuta.

2. Sebule ikae chini ya mgongo huo, vyumba viwe kushoto na kulia. Kuta mbili za ndani zisimame pale mgongo unapoishia.

3. Pima ukuta mrefu, weka alama kila mita moja; kila alama inakaa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa). Alama ya 4 na ya 8 ni kenchi za kawaida. Ya 5, 6 na 7 ni za mkasi: mbao za chini zinapanda nyuzi 12 hivi na kupishana katikati, dari linapata kama sentimita 85. Ya 3 na ya 9 zinakatwa kichwa (juu zinakuwa bapa), kimo mita 1.40. Ya 2 na ya 10 zina sentimita 93 tu, na ndizo zinazobeba mbao zote fupi za mwisho wa paa pamoja na mbao za pembe. Zipigwe mbilimbili, na mbao ya chini ibaki imenyooka.

Vipimo vya mbao na maungio ya mkasi apige hesabu injinia. Mbao ziwe zimetiwa dawa.

Maswali

*Mkuu, nimeshaezeka. Naweza kukata mbao za chini sebuleni?*
Usikate! Mbao hiyo ndiyo inayozuia kenchi kutanuka. Ukiiondoa, paa linasukuma kuta nje.

*Mteremko wangu ni nyuzi 15, vipi?*
Inawezekana, ila mgongo una mita 1.07 tu. Mkasi wa nusu ya mteremko utakupa kama nusu mita ya dari.

*Dar joto kali. Dari lipigwe moja kwa moja chini ya papi (mbao zinazopigiliwa bati)?*
Hapana. Acha uwazi kati ya bati na dari, na matundu ya hewa kwenye ukingo wa paa. Kwa mkasi huu uwazi wa katikati unafika kama mita moja, ila karibu na ukuta unabana sana, kwa hiyo matundu yasizibwe na siling bodi.