Kuonyesha jinsi neva inavyovunja protini zake, kwa shanga na bangili

Nafundisha baiolojia jioni hapa Likoni, na kila muhula kuna anayeuliza: "Mwalimu, protini ikishatengenezwa si inakaa tu mpaka seli ife?" Haikai. Mwalimu mwenzangu, mwonyeshe hivi. Tafuta shanga nyeupe na nyekundu, uzi wa nailoni, mkasi, gundi na bangili nne za plastiki.

1. Anza na feri. Kifuko chenye kemikali ya ujumbe hufika ukingoni mwa neva kama feri inavyofika gatini, lakini kufika si kushusha watu. Protini Munc13 hukiweka tayari, RIM1 husaidia kukishikilia mahali pake, na kalsiamu ikiingia kinamwaga.

2. Tunga shanga 64 nyekundu ziwe Munc13. Kila shanga ni asidi amino moja, yaani kipande kimoja cha protini. Munc13 halisi ina asidi amino zaidi ya 1,700, kwa hiyo hii ni mfano tu. Piga fundo kila baada ya shanga nane, la sivyo ukikata zitatawanyika darasa zima.

3. Tunga yubikwitini nne, yaani protini ndogo inayofungwa kwenye protini nyingine kama alama ya kuvunjwa, kila moja shanga 76 nyeupe. Hapa usipunguze hata moja: 76 ndiyo idadi yake kamili.

4. Simamisha wanafunzi watatu wawe vimeng'enya E1, E2 na E3. E1 anaiwasha yubikwitini kwa nishati ya ATP, molekuli ya nishati ya seli, E2 anaipokea, E3 anachagua protini ya kufungwa yubikwitini, hapa Munc13. Usiharakishe hapa, maana E3 ndiye mwenye uamuzi. E3 ya RIM1 inaitwa Scrapper, na ilielezwa mwaka 2007. Panya waliokosa Scrapper walirundika RIM1, na vifuko vyao vikawa vinamwaga mara nyingi zaidi.

5. Gundisha shanga saba kwenye kila bangili, kisha zipange zote nne ziwe bomba: hicho ni kiini cha proteasomu, mashine ya seli inayovunja protini. Zifungue yubikwitini kutoka kwenye Munc13 kwanza, uziweke kando. Wengi huzikata pamoja na protini, na hilo ni kosa. Seli huzitumia tena. Sasa nyosha Munc13, ipenyeze, ukate kwenye mafundo.

6. Ziba bomba kwa kiganja. Munc13 zinajaa. Kwa inzi wa matunda, proteasomu ilipozuiwa, sinapsi, yaani maungio ambapo neva hupitisha ujumbe, zilizidi nguvu. Kumbe kuvunja si kufagia taka tu, ni kupunguza sauti.

Muhula uliopita binti mmoja aliishika bangili akauliza, "Na Scrapper nayo inafungwa na nani?" Nikampa shanga nyeupe, akaanza kuhesabu.